Koo Moja, Kazi Mbili

Salaam aleikum kwa wenye salaam yao, na Bwana asifiwe kwa wenye yao. Mama zangu mlioketi mbele, shikamooni. Na nyinyi wadogo zangu mliojibana karibu na mlango ili mtoroke mapema, nawaona.

Mwenyekiti wa kikundi chetu aliponiambia kwamba leo ni zamu yangu ya kusimama, nilimuuliza, "Nisimame niseme nini?" Akanijibu, "Sema ulivyoanguka na ulivyoinuka." Nikamwambia kwamba mimi sikuinuka vile watu walivyotaka niinuke. Akacheka. "Basi hiyo ndiyo tunayoitaka," akasema. Kwa hivyo laumuni mwenyekiti. Majina ya watu sitayataja. Baadhi yao mnawajua, wengine ni jamaa zenu, na mimi sikuja hapa kuwagombanisha na wakwe zenu.

Baadhi yenu mnanijua kama mwalimu wa muziki. Baadhi mnanijua kama yule mwanamke anayeimba kwenye mahoteli na kwenye arusi. Kwa miaka saba nilihangaika kuhakikisha kwamba hakuna mtu hata mmoja anayejua yote mawili.

Nimezaliwa Vitengeni. Kuimba nilikukuta nyumbani. Hawe, yaani bibi yangu mzaa mama, ndiye aliyekuwa akiitwa kuongoza nyimbo kukiwa na arusi au matanga, nami nikimfuata nyuma nikiitikia. Baadaye nikasomea ualimu wa muziki, nikafuzu, na kazi ya kudumu ikakataa kuja. Nikawa mwalimu wa vipindi. Siku tatu za wiki nilikuwa shule moja ya Malindi, siku mbili shule nyingine Kilifi. Jumamosi, Jumapili, na jioni nyingi za katikati ya wiki, nilikuwa naimba. Bendi yangu mwenyewe sikuwa nayo. Nilikuwa naitwa na kiongozi mmoja wa bendi, mpiga kinanda, mtu mwenye vidole vya dhahabu na kichwa cha jiwe.

Sasa sikilizeni uongo wangu ulivyokuwa. Shuleni nilivaa gauni refu, viatu bapa, kichwa nimejifunga kitambaa. Wazazi wakiniuliza mwisho wa wiki huwa wapi, nasema, "Nakwenda kumtazama mama." Maskini mama yangu, alitazamwa sana bila yeye kujua! Hotelini nilivaa wigi, na gauni la rangi ya dhahabu lililojaa vipambo vya kumetameta, na jina jingine kabisa. Kiongozi wa bendi aliniambia siku ya kwanza, "Hapa usithubutu kusema wewe ni mwalimu. Mwalimu hauziki. Mtu amekuja kustarehe, wewe unamkumbusha hesabu za kugawanya!" Nikakubali. Wakati ule nilikuwa nakubali kila kitu.

Siku moja, arusini Watamu, nikamwona mzazi wa mwanafunzi wangu wa darasa la nne anakuja moja kwa moja upande wangu na sahani yake ya pilau. Nikazama nyuma ya spika. Nikaimba ubeti mzima nimechuchumaa. Watu wakadhani ni mtindo mpya, wakapiga makofi.

Chekeni, chekeni. Lakini nawaambieni, siku ile mimi sikucheka. Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, nimechuchumaa nyuma ya spika kama mwizi wa kuku, kwa sababu ya kazi ya halali.

Anguko lenyewe lilikuja msimu wa mashindano ya muziki ya shule. Nilikuwa na kwaya ya watoto themanini, tunafanyia mazoezi kwenye ukumbi wa mabati, na mvua ya mwaka ule ilikuwa haina adabu. Namna yangu ya kufundisha ilikuwa kuimba. Sauti ya kwanza naimba mimi, sauti ya pili naimba mimi, wao wananifuata. Wakikosea, naimba kwa nguvu zaidi. Mvua ikizidi, nami nazidi. Nikitoka hapo nakunywa maji, navaa wigi, nakwenda kuimba, kwa maana msimu wa mashindano ndio huo huo wa arusi.

Sauti ikaanza kupwea. Nikanywa tangawizi. Nikanywa ndimu na asali. Nikatafuna karafuu mpaka ulimi ukafa ganzi. Nikamwambia kiongozi wa bendi, "Koo linaniuma." Akasema, "Ni vumbi tu hilo. Kaza." Mkuu wa shule sikumwambia, maana angeniuliza limeumia wapi.

Sasa njooni nami hapo Malindi mjini, alasiri moja, arusi ya familia kubwa ya wafanyabiashara. Ukumbi umejaa wanawake, udi unanukia mpaka barabarani. Bibi arusi anaingia, na wimbo wa kumwingiza ni wangu. Nikaanza vizuri. Nikafika pale wimbo unapopanda, nikavuta pumzi, nikafungua kinywa.

Ikatoka hewa.

Nikajaribu tena. Hewa. Shangazi wa bibi arusi akaja mbio, akakigonga kipaza sauti kwa kidole, "Moja, mbili, moja, mbili," na sauti yake ikasikika ukumbi mzima. Kipaza sauti kilikuwa kizima. Mbovu nilikuwa mimi. Jasho likanimwagika, macho yakaingia kiza, na bila kufikiri nikalivua lile wigi nijipepee. Kiti cha mbele kabisa akainuka mama mmoja. "Ala!" akasema. "Huyu si mwalimu wetu wa muziki?"

Jumatatu asubuhi niliitwa ofisini. Mkuu wa shule alikuwa ameketi na wazazi wawili wa kamati, mmojawapo yule mama wa kiti cha mbele. Mkuu akauliza, "Ni kweli, mwalimu?" Nikatikisa kichwa kukubali. "Mbona hukutuambia?" Nikafungua kinywa nimjibu. Hewa. Nikaonyesha koo kwa kidole. Yule mama akasema, "Sasa anajifanya bubu."

Mkuu akaniambia, "Mwalimu, huwezi kushika huku na huku. Chagua. Ama watoto, ama majukwaa." Nikaomba kalamu kwa ishara. Nilikuwa na mengi ya kuandika, wallahi, ningemaliza daftari zima. Akausukuma ule mkebe wa kalamu kando. "Usijisumbue," akasema. "Kimya chako kimetutosha."

Ndugu zangu, mimi nimefiwa, nimeachika, nimelala njaa. Hakuna neno lililowahi kunichoma kama lile. Kimya kile hakikuwa jibu langu. Kilikuwa ugonjwa wangu, na wao wakakichukua wakakitia sahihi kwa niaba yangu.

Siku ile ile alasiri kiongozi wa bendi akaja mpaka mlangoni kwangu. Hakuingia. "Pona kwanza," akasema. "Nimeshapata msichana kutoka Mombasa." Ile shule ya Kilifi nayo ikasikia maneno ya Malindi, ikaacha kunipigia. Kabla ya Ijumaa nilikuwa sina darasa, sina jukwaa, na sina sauti ya kuwaambia watu kwamba nimeonewa.

Daktari wa koo niliyemwona Kilifi alikuwa binti mdogo tu, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Alinipitishia kikamera mpaka kooni, akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta. Nyuzi mbili nyeupe, na kila uzi una kinundu. "Hizi ni sugu," akaniambia. "Kama za kiganja cha mtu wa jembe. Wewe umelima na koo." Dawa yake ilikuwa kimya. Wiki sita nisiseme neno. Na nisinong'one, maana kunong'ona nako kunazikwaruza. Nikamwandikia kwenye karatasi: Nitaimba tena? Akasoma, akanitazama. "Hilo sikuahidi," akasema. "Lakini ukisema leo, nakuahidi hutaimba."

Nikarudi Vitengeni kwa mama. Na sasa fikirieni balaa hili: mimi sisemi, nina daftari langu la kuandikia, na mama yangu hajui kusoma.

Majirani wakaja mmoja mmoja. Huyu anasema ni jini la jukwaani. Huyu anataka kumwita mganga. Mwingine analeta maombi, anasema nitubu, na mimi siwezi hata kumuuliza nitubu nini. Mama, kwa uchungu wake tu, hakuwa na ubaya, akaniambia, "Basi Mungu amekuchagulia mwanangu. Shika jembe." Nikaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: SI MUNGU, NI MABATI. Nikamwonyesha. Akaitazama ile karatasi, akasema, "Mwandiko mzuri."

Gauni langu la dhahabu alilichukua yeye. Nililikuta limevikwa mti katikati ya shamba la mahindi, kuwatisha ngedere. Na ngedere wamepanga foleni juu ya mkorosho, wanalitazama kama wamekata tiketi. Nilicheka siku ile mpaka mbavu zikauma, na hakuna sauti iliyotoka. Mama akanitazama nikicheka hivyo, akaanza kulia.

Tangu hapo mimi na mama tukatafuta njia yetu. Nikipiga kofi moja, maana yake njoo. Mawili, chakula tayari. Kiganja kikipanda, ongeza. Kikishuka, basi. Baada ya siku kumi tulikuwa tunabishana vizuri kabisa kwa mikono.

Wiki ya nne ikaingia. Ng'ambo ya ua wetu kina mama wa kanisa walikuwa wanajifunza wimbo wa siku ya kufungua kanisa jipya. Nawaambieni ukweli, kwa mapenzi yote, walikuwa wanaimba vibaya. Wanaanza juu, kufika ubeti wa pili wameshateremka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Siku ya kwanza nikavumilia. Ya pili nikaziba masikio. Ya tatu nikainuka, nikapita ua, nikaenda nikasimama mbele yao.

"Bubu amekuja," nikamsikia mmoja akisema.

Ndiyo, bubu alikuwa amekuja. Nikanyang'anya kayamba mikononi mwa mmoja wao, nikalitikisa mpaka wote wakanyamaza. Nikawagawa mafungu mawili kwa mkono. Nikawaonyesha: kiganja kikipanda, sauti ipande. Kikitulia kifuani, shikilieni hapo hapo, msishuke. Saa nzima walikuwa wanacheka tu. Siku ya pili wakacheka kidogo. Siku ya tatu fungu moja likapanda, fungu la pili likakaa chini yake kama mkeka chini ya mtu, na wimbo ukasimama. Ukasimama wenyewe! Na mimi sikuwa nimewaimbia hata noti moja.

Nilikaa chini kwenye mchanga nikalia. Wao walidhani nalia kwa furaha. Hapana. Nililia kwa hasira. Miaka yote ile shuleni nilikuwa nawaimbia watoto nikidhani nawafundisha. Koo langu nilikuwa nalimwaga mchana, halafu nalipeleka tupu jukwaani. Na miaka yote ile niliambiwa, na mimi nikaamini, kwamba hizi kazi mbili ni wake wenza, haziwezi kukaa nyumba moja. Uongo! Nikiwa nimekaa pale mchangani nikaona wazi kwamba kazi mbili hazikuniangusha. Kilichoniangusha ni kuzificha, na kuipa kila moja ninachoinyima mwenziwe, na kusema ndiyo kwa kila mtu mwenye kiti kirefu kuliko changu.

Mama alikuwa amesimama kwenye ua anasikiliza. Akaniambia, "Kumbe hukunyamaza."

Wiki sita zikaisha. Daktari akatazama tena, akatabasamu. Sugu zilikuwa zimelainika. Akanifundisha kuvumisha sauti kwa mrija ndani ya gilasi ya maji, dakika chache asubuhi, dakika chache jioni, kama mtoto anayechezea soda. Neno langu la kwanza lilikuwa "mama", na lilitoka na mikwaruzo kama mlango wa zamani. Noti za juu kabisa hazikurudi, na mpaka leo hazijarudi.

Sasa, mwingine angekwenda kwa mkuu wa shule kwa magoti. Mimi nilikwenda siku ya mkutano wa wazazi, nikaomba dakika mbili, na kabla hajakataa nilikuwa nimeshasimama. Nikasema, "Mliniuliza swali na mimi nilikuwa sina sauti. Leo ninayo, na jibu langu ni hili. Nimechagua zote mbili. Naimba hotelini na arusini, na jina langu ni hili hili mnalonijua. Mnaotaka kuja kutazama mwalimu wenu anafanya nini Jumamosi alasiri, njooni, na watoto njooni nao. Mkiona jambo la kuwaaibisha, mniambie ni lipi."

Baba mmoja akasema, "Hatutaki mwalimu wa kando ya mabwawa ya kuogelea ya mahoteli."

Nikamwuliza, "Arusi ya binti yako, baba, aliimba nani?"

Akakaa. Ukumbi ukavuma. Lakini sitawadanganya, ndugu zangu, hii si hadithi ya kila mtu kupiga makofi. Mkuu wa shule alisimama akasema shule ina heshima yake, na kwamba nafasi yangu imeshachukuliwa. Nikamshukuru kwa dakika zake mbili. Nikatoka kwa mlango wa mbele, kichwa wazi, viatu virefu mguuni. Nililia nikiwa nimeshafika barabarani, na hata hapo sikujuta.

Wazazi wachache walinifuata nje. Walitaka kujua watoto wao watajifunzia wapi. Pa kuwafundishia sikuwa napo. Aliyenipa ni bibi mwenye nyumba niliyopanga chumba, mtu wa mji wa kale wa Malindi, nyumba yake ina milango ya nakshi na sebule kubwa ambayo haikanyagwi. Nilimsalimia nikaanza kuzunguka maneno, akanikata. "Mwanangu, n'shasikia yote, mji huu hauna siri. Sebule yangu imenyamaza tangu wanangu wahame. Iletee watoto ipige kelele." Nikamwuliza, "Bibi, na majirani watasema nini?" Akasema, "Mimi nilipokuwa kigori nikiimba, nikifungiwa dirisha nisisikike nje. Leo madirisha ni yangu. Nitayafungua yote."

Na akayafungua. Tulianza na watoto sita. Wakiimba, mimi natumia mikono na kayamba, na nazungumza kidogo kidogo. Koo nimeliwekea mipaka kama mtu anavyoweka ua kwenye shamba. Siku ya kufundisha siimbi jukwaani. Siku ya jukwaa sina darasa. Anayetaka vinginevyo, namwambia hapana, na hapana nayo ni neno zuri sana la kuanzia mazoezi ya sauti. Jaribuni nyumbani.

Mwezi wa pili tangu tuanze, akaja yule mama wa kiti cha mbele, amemshika binti yake mkono. Akasimama mlangoni. "Sikuja kuomba radhi," akasema. "Nimekuja kwa sababu huyu tangu uondoke hataki kuimba kwa mwalimu mwingine." Nikamtazama. Nikamwambia, "Na mimi leo sijakusamehe. Lakini mtoto aingie." Mtoto akaingia. Yeye akabaki barazani, akakaa, na kila wiki anakaa pale pale. Siku hizi namletea chai. Kusamehe tutafika, hatuna haraka.

Na kiongozi wa bendi? Akaja. Yule msichana wa Mombasa alikuwa amepata kazi meli za watalii. "Jumamosi kuna shughuli Kilifi, alasiri," akasema. "Njoo na wigi." Nikamwambia masharti yangu. Wigi hakuna. Nyimbo zote azishushe sauti mbili chini, maana noti za juu sina tena. Na kwenye tangazo jina langu litangulizwe na neno Mwalimu.

"Nilishakwambia," akasema, "mwalimu hauziki."

"Basi msiniuze," nikamwambia. "Niacheni niimbe."

"Na tukizishusha nyimbo watu hawatazijua."

"Watanijua mimi ninayeziimba."

Alinuna, akapiga kinanda chake kwa hasira mazoezi yote mawili, na Jumamosi alishusha sauti mbili. Nilipopanda, nikaona meza tatu za pembeni zimejaa wazazi na watoto, na mama yangu katikati yao, ameletwa kutoka Vitengeni na wale kina mama wa kanisa, amekaa wima kama amekuja kutoa ushahidi mahakamani. Nikaimba wimbo wa hawe. Sauti ilitoka nzito, ya chini, ina kokoto ndani yake. Haikuwa ile ya zamani. Nilikuwa naimba na nikisema moyoni, hii ndiyo iliyobaki, na hii iliyobaki ni yangu, sikuikopesha mtu. Nilipomaliza, mtoto mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, rudia!" Hoteli nzima ikasikia neno mwalimu. Wageni wakaanza kupiga meza, "Mwalimu! Mwalimu!" Nikamgeukia mpiga kinanda. Alikuwa anajifanya anatafuta kitu sakafuni.

Basi ndiyo hayo. Namshukuru daktari yule aliyekataa kunipa ahadi ya uongo. Nawashukuru kina mama wa Vitengeni waliokubali kuongozwa na bubu. Namshukuru bibi wa madirisha, yuko hapa, mstari wa pili, msimpigie makofi, hapendi. Namshukuru mama, ingawa gauni langu hakunirudishia. Na nyinyi wenzangu wa kikundi hiki, mlionipokea bila kuniuliza mimi ni nani kati ya wale wawili, Mungu awalipe.

Na funzo, maana najua mwenyekiti hatanikalisha bila funzo, ni hili. Iko siku mtu atakuja akwambie uchague kipande kimoja cha nafsi yako, kingine ukitupe, na atakwambia hivyo kwa upole, kwa faida yako. Pumzika ukichoka. Panga siku zako. Nyamaza daktari akikwambia nyamaza. Lakini kujikata vipande ili mtu mwingine alale vizuri, hilo kataa. Na kama siku ile huna sauti, kataa kwa mikono.

Sasa nipeni maji. Nimesema kupita kipimo changu, na kesho naimba.